Mtu Aliyempasua Kuku Wangu

Watu wa Mkonze walimcheka mtu yule mbele ya macho yangu, na mimi mpaka leo sijawasamehe. Mama husema nimezidi, kwamba mambo ya kuku si ya kubeba rohoni mpaka utu uzima, na kwamba wengine kati yao wameshazikwa. Sawa. Waliozikwa nawaacha. Waliobaki wanatosha.

Tulimwita Bwana Mifugo. Jina lake alikuwa nalo kama kila mtu, lakini hata mkewe, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alimwita Bwana Mifugo kila alipomkasirikia, na kumkasirikia ilikuwa rahisi. Serikali ilimwajiri kuangalia wanyama wa upande wetu wote, kuanzia kwetu Mkonze mpaka kwenye karakana za Kizota, ambako watu walifuga mbuzi katikati ya vyuma chakavu. Alikuwa mrefu, mkavu, na mabuti ya mpira ambayo hakuyavua hata kiangazi, wakati jua la Dodoma linaweza kukaanga karanga juu ya bati. Kwenye mfuko wa shati alibeba kipimajoto cha ng'ombe. Sisi watoto tuliambiana kipimajoto hicho kinawekwa wapi, kisha tukakimbia tukicheka.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikateremshwa kwa marobota, na watu waliochoka kuvaa viraka wakapumua. Sisemi yote yalikuwa mabaya. Viatu vyangu vya kwanza vya maana vilitoka kwenye robota. Lakini ruksa ilikuja na neno jingine, kupunguzwa, ambalo watu wazima walilitamka kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Baba yangu alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Alikuwa akirudi jioni, anavua viatu, anamwambia mama nani kapunguzwa kazini. Siku moja akasema, "Bwana Mifugo naye."

Ofisi yake ndogo karibu na josho ikatiwa kufuli. Josho lenyewe likakauka, ng'ombe wakabaki na kupe wao. Tukaambiwa dawa za mifugo sasa zitauzwa na yeyote mwenye leseni, na kila mwenye mnyama atajitegemea.

Asubuhi iliyofuata Bwana Mifugo alipita mbele ya nyumba yetu akiwa na mabuti yake na mkoba wake, mwendo uleule. Jirani mmoja akamwuliza kwa kejeli, "Si umepunguzwa wewe? Sasa unakwenda wapi?"

"Nimepunguzwa mimi," akajibu bila kusimama. "Kupe hawajapunguzwa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Na nisimfanye malaika, kwa sababu hakuwa. Alikuwa na adabu mbaya kuliko mtu mzima yeyote niliyemfahamu. Kwetu salamu ni kitu kizito. Ukiingia kwa mtu unaulizana habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na wenyeji wakikwambia mbukwa, nawe unaitikia na kusubiri zamu yako. Bwana Mifugo aliingia uani kwa watu kama mgambo. Ungemwamkia shikamoo, asikuitikie. Alimpita mwenye nyumba, akaenda moja kwa moja kwa mnyama, akainama, akamfunua kope, akamnusa mdomo, akamshika sikio. Akishamaliza ndipo alipogeuka na kusema "Marahaba," wakati huo aliyeamkia ameshasahau kwamba aliamkia. Wazee walichukia sana. Yeye alisema, "Wewe utanieleza unavyoendelea hata baada ya chai. Huyu hana mdomo. Huyu ndiye wa kwanza."

Chai yenyewe hakunywa. Alikataa hata maji ya kunywa kwenye nyumba aliyotibu. Alichodai ni beseni la maji na sabuni, anawe mikono na kuosha mabuti, kabla na baada. Mahali ambapo maji yanaletwa na punda kutoka mbali, kudai beseni zima la kuoshea viatu kulionekana ni ujeuri. Mama alilalamika kila mara, na kila mara alimpa.

Kuhusu punda, kuna siku alimkuta mtu anamchapa punda wake aliyegoma na mzigo wa maji. Mgongoni, chini ya madumu, palikuwa na kidonda. Bwana Mifugo hakumpiga yule mtu, ingawa wote tulitegemea ampige. Alifungua kamba, akashusha madumu, akabeba mawili, moja kila mkono, akaanza kutembea kuelekea nyumbani kwa mwenye punda huku akimtukana njia nzima kwa sauti iliyofika mpaka kanisani. Mwenye punda akamfuata nyuma, mikono mitupu, amenywea. Na bado watu waliosimuliana kisa hicho walimcheka aliyebeba maji.

Huyohuyo aliyeshika pembe za fahali bila wasiwasi aliogopa mbwa. Nasema aliogopa kwelikweli, hata vile vimbwa vidogo vya kubweka tu. Nilimwona akipanda juu ya benchi letu na mabuti yake, mkoba kifuani, mpaka mama alipomfukuza mbwa wa jirani kwa ufagio. Na alipenda nyama ya kuku kupita kiasi. Mama alipomtania kwamba daktari anakula wagonjwa wake, alijibu, "Mimi nampenda kuku akiwa mzima na nampenda akiwa kwenye sahani. Hapo katikati ndipo tunapogombana."

Mimi nilimjua hapo katikati.

Nilikuwa na kuku mdogo, tembe ambaye bado hajaanza kutaga. Mwewe alimchukua mama yake na ndugu zake akiwa bado na manyoya ya utoto, nikamlea ndani ya sanduku la viatu karibu na jiko. Nilimwita Shangazi, kwa sababu alitembea kama shangazi yangu anapoingia kanisani amechelewa na hataki ijulikane. Alikula kiganjani mwangu. Nikitoka shule alinipokea kwenye miba ya uzio, akanifuata mpaka ndani, akapanda kwenye paja langu nikichambua mlenda.

Kiangazi kimoja Shangazi akaacha kula. Asubuhi nilimpa chenga za mtama, akazitazama tu. Nikamchimbulia mchwa, ambao kuku wa Dodoma yuko tayari kupigana kwa ajili yao, akageuza kichwa. Alisimama kivulini, amejivimbisha manyoya, shingo imezama mabegani, macho yanafumba na kufumbua polepole. Mama akamtazama mara moja, akasema, "Mchinje kabla hajafa, angalau tupate mchuzi."

Nililia. Baba aliyekuwa anasoma gazeti akasema, "Kuku tu huyo, Neema." Jirani akaja na dawa yake ya pilipili kichaa iliyotwangwa ndani ya maji, akamfunua Shangazi mdomo kwa nguvu, akammiminia. Shangazi alitikisa kichwa, akapiga chafya, kisha akalala kifudifudi kama kitambaa. Nikambeba ndani ya kanga ya mama bila kuomba ruhusa, nikaenda kwa Bwana Mifugo.

Nilimkuta mbele ya nyumba yake akishona mkoba.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

Hakuitikia. Alishafunua kanga. Alimnusa Shangazi mdomoni, akakunja uso. Akapitisha kidole chini ya shingo, pale kifukoni kuku anapohifadhi chakula kabla hakijashuka. Akabonyeza. Akanishika mkono akakiweka kidole changu palepale. Palikuwa pamevimba, pagumu kama kokwa la embe.

"Amekunya?"

"Kidogo. Maji maji ya kijani."

"Anakunywa maji?"

"Anayataka, halafu yanarudi."

"Nani alimpa pilipili?"

Nikatazama mabuti yake.

"Nimeuliza nani alimpa pilipili! Wewe ukikwama chakula kooni unapewa pilipili? Kuku hana wakili, kwa hiyo kila mwenye kinu ni daktari!" Sauti yake ilipanda mpaka mkewe akachungulia dirishani. Kisha akashusha pumzi. "Si ugonjwa wa mdondo huu. Kuna kitu kimeziba. Marahaba, binti."

Alinifundisha kumdondoshea mafuta ya kula na maji ya uvuguvugu, halafu kumkanda pale kwenye uvimbe taratibu, kwa kidole gumba, kuelekea juu na chini. Nilimkanda Shangazi mpaka vidole vikafa ganzi. Nilimkanda kabla ya shule na baada ya shule. Uvimbe haukulegea. Alizidi kuwa mwepesi, mfupa wa kifua ukachomoza kama kisu chini ya manyoya. Nikamwambia Bwana Mifugo kwamba anakufa.

Akaja kwetu. Akampita mama bila kumsalimia, akamshika Shangazi, akasema, "Mama Neema, chemsha uzi na sindano. Nataka wembe mpya, maji ya chumvi, na meza."

"Meza ya kulia chakula?"

"Una nyingine?"

Mama alisema maneno ambayo sitayaandika, lakini meza ilitolewa uani. Na kwa kuwa uzio wetu ulikuwa wa miba tu, habari zikasambaa kabla maji hayajachemka. Watu wakaja. Walisimama kandokando ya uzio kama kwenye ngoma. Mama akashika mabawa, uso ameugeuzia upande. Mimi nikashika miguu. Bwana Mifugo alinyofoa manyoya machache, akaosha ngozi, akakata mara moja, mkato mfupi kama kucha.

"Jamani, anapasua kuku!" mtu akapiga kelele. "Leteni na nesi!"

"Mlazeni wodini!"

"Ndiyo maana serikali ilimpunguza!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Shangazi hakulia. Alifungua mdomo, akaufumba. Bwana Mifugo akaingiza kidole na kijiti kilichochongwa, akaanza kuvuta. Kilichotoka kwanza ni pumba za mtama zilizochacha, zikinuka kama pombe. Halafu ukatoka uzi wa kiroba, mweupe, akauvuta, ukaendelea kuja, na mwisho wa uzi lilikuwa bonge la nailoni ya bluu, ile mifuko myepesi iliyokuwa imeingia na ruksa, ambayo kila mtu aliitupa popote na upepo ukaitundika kwenye kila mti wa miba kutoka kwetu mpaka stesheni.

Aliliosha bonge lile kwenye maji ya chumvi. Akalikunjua. Akalinyanyua juu watu wote walione.

"Chekeni! Hiki mmekitupa ninyi. Leo kimemkaba kuku wa mtoto. Kesho kitakuwa tumboni mwa ng'ombe wako wewe, na wewe, na hutajua kimemuua nini, utasema umerogwa. Haya, chekeni!"

Walicheka. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Mtu amewaonyesha kwa macho yao kitu kinachoua mali yao, wakacheka, wakaenda nyumbani wakiigiza sauti yake. Mpaka sikukuu za mwaka ule watoto walicheza mchezo wa Bwana Mifugo kwa kutumia bunzi la hindi na kijiti.

Yeye alishona ndani, akashona nje, akaosha mikono, akaosha mabuti, akaenda zake.

Kumshona hakukutosha, maana Shangazi aliendelea kukataa kula. Chakula kilikuwa na njia sasa, lakini yeye alishakata tamaa nacho. Bwana Mifugo akaniletea bomba la sindano lisilo na sindano. Nikawa nampa uji mwembamba wa uwele, tone baada ya tone, pembeni mwa mdomo, nikisubiri ameze ndipo niongeze. Alinionya, "Ukimharakisha utamzamisha. Asiyekula anakueleza kitu. Msikilize kwanza." Kila asubuhi alipitia kwetu kumtazama, anashika kifua, anatikisa kichwa, anaondoka. Mama alianza kumwekea beseni tayari kabla hajafika.

Asubuhi moja aliposimama uani akiniuliza habari za kidonda, Shangazi alitoka kivulini mwenyewe. Alitembea kwa kuyumba mpaka kwenye mabuti yake. Kwenye buti la kulia palikuwa pamegandia chembe ya ugali, sijui aliitoa wapi. Shangazi akainamisha kichwa, akaidonoa. Akasimama, akafikiri, akadonoa tena mpira mtupu.

Bwana Mifugo aligeuka, akatoka nje ya uzio, akasimama huko ametupa mgongo. Aliporudi alikuwa anafoka: "Mbona hamjamwekea maji? Mnataka ale kikavu?" Macho yake yalikuwa mekundu. Mama akaanza kucheka, akajizuia, akaenda kuleta maji.

Tangu siku hiyo mama hakuruhusu mtu amseme vibaya nyumbani kwetu. Hata dada zake walipokuja na vicheko aliwakata. "Mimi nilishika mabawa," alisema. "Ninyi mlishika nini?"

Sasa nieleze jambo lililomwondoa.

Kando ya barabara palifunguliwa duka la dawa za mifugo. Mwenye duka alikuwa kijana mtanashati, mcheshi, mwenye leseni iliyotundikwa ukutani ndani ya fremu. Aliuza biskuti, betri, dawa za kuogeshea ng'ombe, na chanjo ya mdondo. Mdondo kila mfugaji wa kuku anaujua. Ukiingia kijijini unafagia, asubuhi una banda zima, jioni una manyoya. Chanjo yake ilikuwa ni kitu cha kukaa kwenye barafu tangu kiwandani mpaka inapodondoshewa kwenye jicho la kuku. Duka halikuwa na friji wala barafu. Chupa zilipangwa rafu ya mbele, pale jua la saa nane linapogonga.

Bwana Mifugo alikwenda akasimama dukani mbele ya wateja. "Hiyo chanjo imekufa," alisema. "Imepikwa. Unawauzia watu maji."

"Mzee," yule kijana akamjibu akitabasamu, "hii ni biashara huria. Wewe umepunguzwa, mimi nimepewa leseni. Nani anaijua dawa hapa?"

Wateja wakanunua. Walichanja kuku wao kwa furaha, wakamcheka Bwana Mifugo aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia wafungie kuku ndani, wasinunue wapya mnadani, waoshe miguu. Mimi nilimfungia Shangazi jikoni kama alivyoniambia.

Kiangazi kilipokolea mdondo ukaingia. Sitaki kueleza sana. Kuku walizungusha shingo kama wanaotafuta kitu mbinguni, wakaanguka. Kila uani palinuka. Wanawake waliotegemea mayai kwa ajili ya chumvi na mafuta ya taa walikaa vizingitini wameshika tama. Na hasira ilipotafuta mahali pa kutua, haikutua dukani. Yule kijana alishatangulia kusema kwa upole, akitikisa kichwa kama mtu anayesikitika, "Nani anayeingia kila banda? Nani anatembea na mabuti yaleyale kwa mgonjwa na kwa mzima?"

Mabuti! Yale aliyoyaosha kwenye mabeseni yetu mpaka tukamwita jeuri!

Ukaitishwa mkutano. Nilikwenda, nikakaa chini na watoto wenzangu. Mwenyekiti akasema watu wanalalamika. Mtu mmoja akasimama akasema hata kuku wa Neema binti karani hakufa, na ndiye yule aliyepasuliwa. Kwa nini kuku wa rafiki zake wabaki? Watu wakaguna kwa namna ile ya kukubali. Yaani mtu alisema fungieni kuku, aliyefungia akapona, na kupona huko kukawa ushahidi dhidi yake.

Bwana Mifugo akasimama. "Chanjo ilikaa juani," alisema. "Iliteremshwa kwenye lori, ikashinda nje mchana kutwa. Wapo walioona."

"Taja majina," mwenyekiti akasema.

Nilimtazama. Mtu yule hakuwahi kukosa neno. Alimtukana mwenye punda, alimfokea jirani yetu mbele ya wageni, alimwambia mchungaji kwamba mbuzi wake wana njaa kuliko waumini wake. Alipitisha macho juu ya vichwa vya watu, taratibu, kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Kisha akasema, "Sina jina la kutaja."

Kicheko kikalipuka. Mama akasimama. "Mimi nasema! Huyu kwangu aliosha mabuti kila siku, kwenye beseni langu, nikimnung'unikia! Ninyi..." Wakamwambia akae. Baba akamvuta kanga, akamvuta tena, mpaka akakaa. Ikaamuliwa Bwana Mifugo asikanyage ua wa mtu. Aliondoka mkutanoni peke yake, katikati ya barabara, na hakuna aliyempisha wala aliyemfuata.

Mkewe aliomba uhamisho wa shule. Wakahama Mkonze kabla ya mvua. Duka likaongeza chumba.

Shangazi aliishi miaka mingi, akataga, akaatamia, akawa mkali kama shangazi wa kweli. Nilimaliza shule, nikapata kazi mjini kwenye ofisi za bunge, na Bwana Mifugo akabaki kuwa mtu wa kusimuliwa.

Nilimwona tena Kibakwe. Nilikwenda na wenzangu wa ofisini kumzika mama wa mfanyakazi mwenzetu, huko milimani ambako mahindi yamekaa kwenye miteremko na hewa ina ubaridi usioujua ukitokea kwetu. Baada ya maziko tulikaa kwenye mabenchi tukisubiri chakula. Mzee mmoja aliyekaa pembeni, kofia mkononi, alikuwa anamweleza mwenzake jinsi ya kuchimba shimo la kufukia mzoga, kwa sauti isiyofaa msibani. Niliijua ile sauti.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba, marahaba!" Aliitikia papo hapo, akasogea nipate nafasi. "Wewe ni nani, mama?"

Nikamweleza: binti wa karani, wa Mkonze, mwenye kuku aliyemtoa nailoni. Hakumkumbuka Shangazi. Kuku aliowapasua walikuwa wengi, alisema, na wengi walikufa. Iliniuma kidogo. Lakini baba yangu alimkumbuka.

"Anaendeleaje mzee?"

"Amestaafu. Anafuga njiwa."

"Hakupunguzwa, basi."

"Hakupunguzwa."

"Vizuri. Aliogopa sana." Akaona uso wangu. "Hukuambiwa?"

Akanieleza, kwa utulivu, kama mtu anayesimulia habari za mvua ya zamani. Baba yangu ndiye aliyeziona chupa zikishushwa kwenye lori na kushinda juani, siku ya likizo, amekaa kibarazani pa fundi viatu, mkabala na duka. Alimfuata Bwana Mifugo nyumbani kwake akamwambia mwenyewe, na akaahidi kusema mbele ya watu. Kisha akagundua kwamba kaka wa yule mwenye duka alikuwa mkubwa ofisini kwake, na wakati ule walikuwa wanatafuta wengine wa kupunguza.

"Mbona hukumtaja?" niliuliza. Sauti yangu ilipanda, watu wakageuka. "Walikuambia utaje! Walikufukuza kama mwizi!"

"Ningemtaja, angefukuzwa yeye. Mlikuwa wangapi mle ndani? Mngekula nini?" Alikunja uso, hasira yake ya zamani ikarudi yote kwa mara moja. "Na usinipigie kelele msibani."

Sahani za wali zikaletwa. Aliniwekea nyama kutoka kwenye sahani yake, akasema nimekonda, kisha akaendelea na habari za shimo la mzoga. Tulipoagana alisema nimsalimie baba. Nikamwuliza nimpe salamu gani. "Salamu tu," alisema. "Kwani kuna za namna ngapi?"

Jumapili nikaenda Mkonze. Baba alikuwa uani anawatupia njiwa wake mtama. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwambia nilikuwa Kibakwe na nimemwona Bwana Mifugo, na amemsalimu. Mkono wake ulisimama hewani. Mama akatoka jikoni akisema, "Yu hai? Mungu mkubwa!"

"Amenieleza," nikamwambia baba. "Kuhusu lori."

Mama alitutazama sisi wawili, hakuelewa. Baba alimwaga mtama uliobaki, akakung'uta viganja.

"Siku ile mkutanoni," alisema, "nilijua hatanitaja."

Nilidhani ataendelea, kwamba nyuma ya sentensi ile kuna nyingine. Hakukuwa na nyingine. Mama akauliza, "Lori gani?" Akauliza tena, safari hii akimtazama baba peke yake, na alikuwa bado ameshika mwiko. Nikakaa chini kwenye benchi, kusubiri amjibu.